Volti Zinazopotelea Njiani: Taa za Mbele za Land Rover Kuukuu

Oktoba 2024 mamia ya magari ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha la magari hayo. Jambo hilo halikuwashangaza walimu wa shule zilizo mbali na lami, kwani wao wanajua kwamba Land Rover ya Series III, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971 na kuachwa mwaka 1985, bado inapanda milima ikiwa imebeba mahindi, madawati au mgonjwa. Injini yake hufunguliwa na kufungwa kwa spana chache. Springi zake hupatikana. Kero iliyobaki ni taa za mbele: usiku hutoa mwanga wa manjano usiofika mbali, na mwenye gari akinunua balbu mpya, mwanga huwa ni ule ule.

Ushauri anaoupata dukani mara nyingi ni kununua balbu yenye wati nyingi zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini ushauri huo hauleti faida inayotarajiwa, na kwa nini unaweza hata kuliunguza gari. Katika magari mengi ya umri huo ugonjwa hauko katika balbu. Uko katika nyaya, swichi na viungo vinavyoipelekea balbu umeme, na kanuni ya kuufichua ni Sheria ya Ohm, ambayo wanafunzi wa fizikia huikariri bila kudhani kwamba ina kazi yoyote chini ya boneti.

Hesabu fupi itaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kila sekunde. Dereva anapomwona mtu barabarani hupita kama sekunde 1.5 kabla mguu wake haujakanyaga breki, na katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 25. Kwenye changarawe, ikiwa breki hupunguza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde, zinahitajika mita 35 nyingine hadi gari lisimame. Jumla ni mita 60. Taa zikiwa nzima, na dereva akiweza kumwona mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa umbali huo wa mita 60, gari litasimama miguuni pake. Sasa mwanga upungue hadi asilimia 70. Kwa kuwa mwanga unaofika juu ya kitu hupungua kwa mraba wa umbali, dereva yule yule atamwona mtu yule akiwa umbali wa mita 50 tu, kwani kipeuo cha pili cha 0.7 ni karibu 0.84. Mita 10 zimepotea, na gari litamfikia mtu huyo likiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kwa saa.

Uzi wa tungsteni

Balbu ya taa ya mbele, au globu kama mafundi wengi waiitavyo, ina uzi mwembamba wa metali ya tungsteni uliosokotwa kama springi ndogo. Uzi huo huitwa filamenti. Mkondo wa umeme unapopita ndani yake huupasha moto hadi ukang'aa. Tungsteni ilichaguliwa kwa sababu huyeyuka kwenye joto kubwa kuliko metali nyingine zote, yaani karibu nyuzi 3,420 za Selsiasi. Hata hivyo, hata kabla ya kuyeyuka, metali hiyo hugeuka mvuke kidogo kidogo. Mvuke huo huganda kwenye kioo na kukitia weusi, na filamenti huendelea kukonda hadi ikatike. Hayo ndiyo maisha na mauti ya balbu ya kawaida.

Tangu mwaka 1940 magari ya Marekani yalitumia taa iliyozibwa kabisa, ambamo filamenti, kiakisi na kioo cha mbele ni kitu kimoja. Filamenti ikikatika, taa nzima hutupwa. Taa ya duara ya aina hiyo yenye kipenyo cha inchi 7, yaani milimita 178, ilienea duniani kote, na ndiyo iliyowekwa katika Land Rover nyingi zilizofika Afrika Mashariki. Kipimo hicho ni bahati kwa mwenye gari kuukuu. Leo anaweza kuitoa taa hiyo na kuweka mahali pake kiakisi chenye kipenyo kile kile kinachopokea balbu ya kubadilishwa.

Balbu inayotiwa humo kwa kawaida ni ya halojeni. Mwaka 1959 Elmer Fridrich na Emmett Wiley, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya General Electric nchini Marekani, walipewa hataza ya taa ya tungsteni yenye iodini kidogo ndani yake. Iodini na bromini ni za jamii ya halojeni. Mvuke wa tungsteni unapokaribia kioo huungana na halojeni na kuwa gesi, badala ya kuganda. Gesi hiyo huzunguka mpaka karibu na filamenti, na huko joto kali huitenganisha. Tungsteni hurudi kwenye filamenti na halojeni huenda kuchukua nyingine. Kioo hubaki cheupe, na filamenti yaweza kupashwa moto zaidi. Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba balbu hiyo haifi. Tungsteni hairudi pale pale ilipotoka, kwa hiyo sehemu iliyokonda huendelea kukonda.

Ili mzunguko huo ufanyike, ukuta wa kioo lazima uwe na joto la zaidi ya nyuzi 250. Ndiyo maana balbu ya halojeni ni ndogo, na kioo chake hutengenezwa kwa kwatzi au kioo kigumu kinachostahimili joto. Hapo ndipo ulipo msingi wa onyo la kutogusa kioo kwa vidole. Jasho lina chumvi, na chumvi ya sodiamu juu ya kwatzi yenye moto mkali huiharibu, ikafanya doa jeupe, kisha ufa. Balbu ishikwe kwenye kitako chake au kwa kitambaa safi. Ikiguswa kwa bahati mbaya, ifutwe kwa spiriti ikiwa baridi na kuachwa ikauke.

Katika Ulaya balbu ya halojeni ya kwanza ya magari, inayoitwa H1, ilitokea mwaka 1962. Ilikuwa na filamenti moja tu. Balbu ya H4, iliyofuata mwaka 1971, ina filamenti mbili: moja ya wati 60 kwa mwanga wa mbali, ambao madereva huuita fulu, na nyingine ya wati 55 kwa mwanga wa karibu, yaani dimu. Kwa mujibu wa kanuni za Umoja wa Mataifa za vifaa vya magari, balbu hiyo hupimwa kwa volti 13.2, na hutakiwa kutoa lumeni 1,650 kwa fulu na lumeni 1,000 kwa dimu, ikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 15.

Msomaji azingatie hizo volti 13.2. Balbu imeandikwa volti 12, lakini mtengenezaji anatarajia kwamba injini inazunguka na alteneta inachaji. Balbu inayopata volti 11 haipati pungufu ya volti moja, bali ya zaidi ya mbili.

Kupunguza volti kidogo, kupoteza mwanga mwingi

Mwanafunzi angeweza kudhani kwamba volteji ikipungua kwa asilimia 10, mwanga nao utapungua kwa asilimia 10. Sivyo. Volteji inapopungua filamenti hupoa, na kitu kinachong'aa kwa joto hupoteza mwanga wake upesi kuliko kinavyopoteza joto, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya nishati yake hutoka kama miale ya joto isiyoonekana. Kwa balbu za aina hii mwanga hubadilika takriban kama volteji iliyopandishwa kwenye kipeo cha 3.4. Ukichukua 0.9 na kuipandisha hivyo, jibu ni karibu 0.70. Kwa maneno mengine, kupungua kwa asilimia 10 ya volteji huondoa asilimia 30 ya mwanga. Hiyo ndiyo asilimia 30 iliyotajwa katika mfano wa mtu aliye barabarani.

Maisha ya balbu hufuata kanuni kali zaidi, tena kwa kinyume. Volteji ikizidi kwa asilimia 5, mwanga huongezeka kwa karibu asilimia 18, lakini muda wa kuishi wa balbu hupungua hadi karibu nusu. Kwa hiyo gari linaloua balbu kila mwezi lichunguzwe kidhibiti cha alteneta chake kabla ya kulaumu duka.

Hesabu za chini ya boneti

Katika Land Rover ya Series III umeme wa taa za mbele hutoka kwenye betri, huzunguka mpaka kwenye dashibodi, hupita katika swichi ya taa, kisha katika swichi ya kuchagua fulu au dimu iliyo kwenye usukani, halafu hurudi tena mbele hadi kwenye taa. Mkondo wote wa taa hupita katika swichi hizo ndogo. Safari hiyo ni ya mita kadhaa, na viungo vyake ni vingi.

Ichukuliwe kwamba waya una urefu wa mita 4 na unene wa milimita 2 za mraba. Ukinzani mahususi wa shaba ni karibu 0.000000017 omu-mita, kwa hiyo ukinzani wa waya huo ni karibu omu 0.034. Viungo na swichi vilipokuwa vipya havikuongeza kitu cha kuhesabiwa. Baada ya miaka 40 ya vumbi na mvua ichukuliwe kwamba vimeongeza omu 0.1 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida ya mkononi haiwezi kukipima kwa uhakika. Jumla ni omu 0.134.

Filamenti mbili za wati 60, kila moja kwa volti 12, zina ukinzani wa omu 2.4 kila moja zikiwa na moto. Zikiwa sambamba ni omu 1.2. (Mwanafunzi anayepima balbu baridi kwa mita atapata chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho na kudhani amekosea. Hajakosea: ukinzani wa tungsteni hupanda sana kwa joto, na ndiyo sababu balbu hupenda kukatika wakati wa kuwashwa.) Ili kurahisisha hesabu, ukinzani wa balbu ufikiriwe kuwa haubadiliki.

Alteneta ikitoa volti 13.8, mkondo ni 13.8 kugawanya kwa 1.334, yaani ampea 10.3. Volti zinazofika kwenye balbu ni 12.4. Hiyo ni asilimia 90 ya volti zilizotoka, na mwanga ni asilimia 70 ya ule ambao ungepatikana.

Sasa mwenye gari afuate ushauri wa dukani na kutia balbu za wati 100. Ukinzani wa balbu mbili sambamba unakuwa omu 0.72, na mkondo unapanda hadi ampea 16.2. Lakini mkondo ukipanda, volti zinazopotea katika omu 0.134 nazo hupanda. Balbu zinapata volti 11.6 tu, na kila moja inatoa asilimia 56 ya mwanga wake. Ukilinganisha na zile za wati 60 katika gari lile lile, ongezeko la mwanga ni karibu asilimia 34 tu, ingawa wati zilizonunuliwa zimeongezeka kwa asilimia 67.

Gharama yake inaonekana mahali pengine. Joto linalotokea katika viungo na swichi ni mraba wa mkondo mara ukinzani. Kwa balbu za wati 60 ni wati 10.7, kwa zile za wati 100 ni wati 26. Joto hilo la wati 26 limo katika vipande vidogo vya shaba vilivyoshikiliwa na plastiki ya miaka ya 1970. Plastiki hulainika, springi ya swichi hulegea, mguso hupungua, ukinzani hupanda, na joto hupanda tena. Magari kadhaa ya umri huo, Land Rover zikiwamo, hayana fyuzi katika njia ya taa za mbele. Harufu ya plastiki inayoungua nyuma ya usukani ndiyo onyo pekee ambalo dereva atalipata.

Linganisha na njia ya pili. Balbu za wati 60 zibaki zile zile, lakini ukinzani wa njia upunguzwe kutoka omu 0.134 hadi 0.02. Mkondo ni ampea 11.3, balbu zinapata volti 13.6, na mwanga ni asilimia 95 ya kamili. Ongezeko ni karibu asilimia 36. Mwenye gari amepata mwanga ule ule wa balbu za wati 100, tena zaidi kidogo, bila kununua balbu na bila kuunguza swichi.

Kupima

Kosa la kawaida katika gereji za mitaani ni kuchomoa plagi ya taa na kupima volti zake ikiwa wazi. Mita huonyesha volti 12.6 kamili, na fundi husema umeme upo. Hana makosa kwa alichokiona, lakini plagi ikiwa imechomolewa hakuna mkondo, na pasipo mkondo hakuna volti zinazopotea, hata waya uwe umebaki na uzi mmoja wa shaba. Volteji lazima ipimwe taa ikiwa imewaka.

Injini iwashwe na kuachwa izunguke upesi kidogo, na taa ziwekwe fulu. Kwanza zipimwe volti kati ya ncha mbili za betri. Zikiwa chini ya 13, tatizo la kwanza ni la kuchaji, na hakuna haja ya kuendelea. Magari ya kabla ya Series III yenye dainamo badala ya alteneta hupata taabu hiyo hasa injini inapozunguka polepole. Taa zake hufifia gari likisimama na kung'aa likiondoka, na hilo si kosa la nyaya.

Betri ikiwa nzuri, ncha moja ya mita iwekwe kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa fulu nyuma ya taa, plagi ikiwa imechomekwa. Mita sasa inaonyesha zile volti zilizopotea katika upande wa chanya. Kisha ncha moja iwekwe kwenye mguu wa hasi wa taa na nyingine kwenye hasi ya betri; hizo ni zilizopotea katika upande wa bodi. Katika gari lenye afya jumla ya pande mbili haifiki nusu volti. Katika Land Rover kuukuu isiyoguswa, volti moja na nusu si ajabu.

Kwa kuusogeza mwiba wa mita kutoka kiungo hadi kiungo, mwanafunzi anaweza kuona volti zinaruka wapi. Rangi za nyaya za magari ya Kiingereza zinasaidia: bluu tupu hutoka swichi ya taa kwenda swichi ya fulu na dimu, bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu, na nyeusi huenda kwenye bodi. Hayo ni kweli iwapo hakuna fundi aliyepita hapo na waya wa rangi aliyokuwa nayo mfukoni.

Upande wa bodi ndio unaosahauliwa zaidi, na katika Land Rover ndio wenye hila zaidi. Mabati ya gari hilo si ya chuma. Lilipozinduliwa, mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini na magnesi. Aloi hiyo haili kutu kama chuma, lakini hufungwa kwa skrubu za chuma kwenye fremu ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi hufanya seli ya umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Matokeo ni unga mweupe chini ya skrubu ya waya mweusi, na unga huo haupitishi umeme. Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja huwa na unga huo hata kama kwa nje linang'aa.

Kutibu

Kazi yoyote ianze kwa kufungua waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Katika Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 waya huo huwa ni wa chanya, kwa hiyo alama zitazamwe kwanza.

Vituo vya nyaya vichomolewe, visuguliwe kwa msasa laini hadi shaba ing'ae, na vikazwe. Kituo kilicholegea kikikazwa kwa koleo huponya taa nyingi kuliko balbu yoyote. Skrubu ya waya wa bodi ifunguliwe, mahali pake pasuguliwe, kisha ifungwe na kupakwa grisi kwa juu ili unyevu usiingie. Bora zaidi ni kuvuta waya mpya mweusi kutoka kila taa moja kwa moja hadi hasi ya betri, bila kutegemea bati.

Baada ya hapo swichi iondolewe mzigo, na kifaa chake ni rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku umeme. Mkondo mdogo, chini ya robo ya ampea, hupita katika koili yake na kuvuta kipande cha chuma kinachounganisha njia ya mkondo mkubwa. Swichi ya zamani ya usukani sasa inaamuru rilei tu. Rilei za kawaida zina miguu yenye namba: 85 na 86 ni za koili, 30 hupokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi, na 87 hupeleka umeme kwenye taa. Waya wa bluu na nyeupe uliokuwa ukienda kwenye taa sasa unaishia mguu wa 86, na 85 huunganishwa na bodi. Rilei mbili zinahitajika, moja ya fulu na nyingine ya dimu, kila moja na fyuzi yake ya ampea 20 iliyowekwa karibu kabisa na betri. Kwa njia kubwa waya wa milimita 4 za mraba unatosha. Kipande cha mita 1.5 kina ukinzani wa omu 0.006 tu.

Mwenye Toyota Land Cruiser asinakili mpango huo bila kutazama. Katika Land Cruiser nyingi za miaka ya 1980 chanya hufika kwenye taa moja kwa moja, na swichi hukata upande wa hasi. Yapo pia magari ya dizeli yenye umeme wa volti 24, ambayo balbu na rilei zake ni nyingine.

Kuchagua balbu

Hapo sasa balbu inaweza kuchaguliwa kwa haki. Kwa gari linalopita barabara za changarawe zenye mawimbi, H4 ya kawaida ya wati 60 na 55 ni bora kuliko zile zinazotangazwa kutoa mwanga zaidi kwa wati zile zile. Ziada hiyo hupatikana kwa kuipasha filamenti moto zaidi, na maisha yake hufupika. Mtikisiko humalizia kazi. Balbu zilizopakwa rangi ya bluu huonekana kali kwa anayeitazama gari, lakini rangi hiyo humeza sehemu ya mwanga ambao dereva ameulipia.

Juu ya balbu za LED zinazouzwa leo kutiwa mahali pa H4, tahadhari ni ya kijiometri. Kiakisi ni parabola, na filamenti ya fulu imewekwa kwenye fokasi yake ili miale itoke ikiwa sambamba. Filamenti ya dimu imewekwa mbele kidogo ya fokasi, na chini yake kuna kibakuli cha bati kinachozuia miale ambayo ingepanda kwenye macho ya wanaokuja. Chipu za LED ni bapa na hutazama pande mbili tu. Zikikosea mahali kwa milimita moja, mwanga hutawanyika. Gari huonekana lina taa kali sana, kumbe barabara ina giza na dereva wa mbele amepofushwa. Ujerumani iliruhusu balbu za aina hiyo kuanzia mwaka 2020, lakini zile tu zilizopimwa na kuidhinishwa kwa modeli maalumu za magari. Sokoni kwetu hakuna anayepima kabla ya kuuza, na hukumu inabaki kwa ukuta wa shule na macho ya mwalimu.

Kioo cha taa nacho kisomwe kabla ya kununuliwa. Alama ya herufi E ndani ya duara na namba huonyesha nchi iliyoidhinisha: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E11 Uingereza. Mshale ndio muhimu kwa Afrika Mashariki. Mwanga wa dimu hauko sawa pande zote. Upande wa ukingo wa barabara hupandishwa ili kumwona mwenda kwa miguu. Taa ya nchi zinazopita kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, ina mshale unaoelekea kulia kwa mtu anayeitazama taa kwa mbele. Taa isiyo na mshale ni ya nchi zinazopita kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo. Ikifungwa Dodoma, itampandishia mwanga dereva anayekuja na kumwacha mwenda kwa miguu gizani.

Kiakisi kilichopata kutu hakiponywi na balbu yoyote; kibadilishwe. Kisisuguliwe kwa kitambaa, maana utando wake wa alumini ni mwembamba sana na hutoka na vumbi.

Kulenga taa

Gari lisimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Urefu wa kitovu cha taa kutoka ardhini uwekewe alama ukutani. Dimu ikiwashwa, ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya alama hiyo, yaani mteremko wa asilimia 1 hadi 1.5. Taa iliyo sentimita 80 juu ya ardhi, kwa mteremko wa asilimia 1, hugusa barabara mita 80 mbele. Kwa asilimia 1.5 hugusa mita 53.

Upimaji huo ufanywe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Land Rover ya inchi 109 ina sentimita 277 kati ya ekseli zake. Ikipakiwa magunia na nyuma ikashuka sentimita 5, pua yake huinuka kwa asilimia 1.8. Taa iliyolengwa asilimia 1 kwenda chini sasa inaelekea asilimia 0.8 kwenda juu, na dimu imegeuka kuwa fulu bila dereva kugusa swichi. Wengi wanaowashiwa taa kwa hasira na magari ya mbele hushangaa, kwa kuwa wana hakika wamepunguza.

Jaribio la darasani

Betri ya volti 12, balbu ya breki ya wati 21, waya mnene, na mita kadhaa za waya mwembamba wa kengele zinatosha. Balbu iwashwe kwanza kwa waya mnene, kisha kwa mwembamba, na kila mara volti zipimwe kwenye balbu yenyewe. Mwanga ulinganishwe kwa njia ya Robert Bunsen: karatasi yenye doa la mafuta ya kupikia isimamishwe kati ya balbu na taa nyingine isiyobadilishwa, isogezwe mpaka doa lisionekane, na umbali wa pande mbili upimwe.

Maswali

1. Taa mbili za fulu zinavuta ampea 11. Ikiwa volti zinazopotea zisizidi 0.5, ukinzani wa njia nzima uwe kiasi gani?

2. Katika jaribio la doa la mafuta, karatasi ilikuwa sentimita 60 kutoka kwenye balbu ilipotumia waya mnene, na sentimita 45 ilipotumia waya mwembamba, huku umbali wa karatasi na taa nyingine ukiwa haukubadilika. Mwanga ulipungua kwa asilimia ngapi? Tumia kipeo cha 3.4 kukadiria volteji ilipungua kwa kiasi gani, kisha linganisha na mita.

3. Land Rover ya inchi 88 ina sentimita 224 kati ya ekseli zake. Nyuma ikishuka sentimita 5, taa iliyolengwa asilimia 1.5 kwenda chini itaelekea wapi?